Folda ya picha iliyogoma: uchambuzi wa kisa cha ruhusa 777

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Kaka, picha hazipandi tena tangu tuhamishiwe seva mpya. Nimejaribu kila kitu, sasa tovuti nzima imelala."

Aliyeuandika ni kijana anayejitolea kusimamia tovuti ya jumuiya ndogo ya wazazi. Tovuti ni ya WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti: taarifa za mikutano, matangazo, na albamu ya picha ya miaka mingi. Inakaa kwenye seva ya pamoja, yaani mashine moja yenye akaunti za wateja wengi wasiojuana, na kazi yote hufanywa kupitia paneli ya udhibiti ndani ya kivinjari. Nilipofungua ukurasa wa mwanzo nilipata kosa 500, yaani seva imeshindwa kuutengeneza ukurasa. Nilipofungua picha moja kwa anwani yake kamili nilipata 403, yaani seva imekatazwa kuitoa. Makosa mawili tofauti kwenye tovuti moja kwa wakati mmoja yaliniambia kwamba hapa hakuna tatizo moja, kuna tatizo la asili na matatizo mengine yaliyozaliwa na juhudi za kulitatua.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu sura yake nimeiona mara nyingi, na karibu kila mara mtu huanza na swali la "niweke namba gani?" Swali hilo lina nafasi yake, ila kabla yake kuna jingine: hii folda ni ya nani, na programu inayotaka kuandika ndani yake inafanya kazi kwa jina la nani?

Alichofanya, kwa mpangilio

Nilimwomba anisimulie bila kuficha kitu, nikamhakikishia kwamba sitafuti wa kumlaumu. Alikumbuka vizuri.

Baada ya kampuni kuhamisha akaunti kwenda seva mpya, alijaribu kupakia picha. WordPress ikasema imeshindwa kutengeneza folda ya mwezi ndani ya `wp-content/uploads`, na ikauliza kama folda iliyo juu yake inaandikika na seva. Akafungua Meneja wa Faili kwenye paneli, akaibofya `uploads`, akaona ruhusa yake ni 755. Akajaribu kuigeuza iwe 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu. Paneli ikakataa.

Hapa ndipo kisa kilipopinda. Yeye alidhani kizuizi kiko juu zaidi, kwamba folda mama inaikataza folda mtoto. Akafungua programu ya FTP, ile ya kuhamisha faili kati ya kompyuta na seva, akaenda kwenye `public_html`, folda inayobeba tovuti nzima, akaweka 777 na kuteua ishuke hadi ndani, kwa faili na folda zote. Kabla ya hapo, kwa tahadhari, alinakili `wp-config.php`, faili ya mipangilio yenye nywila ya hifadhidata, na kuiita `wp-config.php.zamani`, akaiacha hapo hapo. Mchakato ulianza saa 20:04 na kumalizika 20:11. Alipofungua tovuti, kosa 500.

Akashtuka. Akakumbuka kusoma mahali kwamba namba salama ni 644. Akaingia ndani ya `public_html`, akachagua kila kitu, akaweka 644, tena ishuke hadi ndani. Ilikuwa 20:26. Faili za ngazi ya kwanza zikapokea 644. Folda tatu kubwa za WordPress, yaani `wp-admin`, `wp-content` na `wp-includes`, nazo zikapokea 644, na papo hapo programu ya FTP ikakosa njia ya kuingia ndani yake. Ikatoa mlolongo wa makosa na kusimama. Akalala akiwa na wasiwasi, akaniandikia kesho yake.

Simwoni kama mzembe. Kila hatua ilikuwa na mantiki kwa kile alichokuwa akikiona kwenye kioo. Tatizo ni kile ambacho hakukiona.

Namba tatu, na maana yake kwa folda

Wengi wanajua hesabu yenyewe: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Tarakimu ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ni ya kundi, ya tatu ni ya watu wengine wote walio kwenye seva hiyo. Kwa hiyo 644 ni mmiliki kusoma na kuandika, waliobaki kusoma tu. Visanduku tisa vya paneli ni hesabu hiyo hiyo iliyochorwa.

Kinachopotea njiani ni kwamba ruhusa hizo tatu hazina maana moja kwa faili na kwa folda. Kwa faili, kutekeleza ni kuiendesha kama programu. Kwa folda, kutekeleza ni kupita. Ukiwa na ruhusa ya kusoma folda bila ya kupita, unaweza kuona majina ya vilivyomo lakini huwezi kugusa hata kimoja. Ukiwa na ya kupita bila ya kusoma, huoni orodha, lakini ukijua jina la kitu unakifikia. Ndiyo maana folda iliyopewa 644 ni folda iliyofungwa, hata kwa mwenyewe. Na ndiyo maana FTP ya kijana ilikwama: alijifungia nje ya folda zake kabla hajamaliza kufanya kazi ndani yake.

Kuandika nako kuna siri yake. Haki ya kufuta faili haitoki kwenye faili, inatoka kwenye folda iliyoibeba. Faili inaweza kuwa 444, hairuhusu yeyote kuandika, lakini ikiwa folda yake ni 777 mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva anayeweza kuifikia anaweza kuifuta na kuweka yake yenye jina hilo hilo. (Folda ya `/tmp` hukwepa hatari hii kwa alama ya ziada, ndiyo ile 1 mbele ya 1777, inayomzuia mtu kufuta cha mwenzake.) Kwa hiyo usiku ule, faili za ngazi ya kwanza ziliporudi kuwa 644, zilionekana salama kwenye paneli, lakini hazikuwa salama, kwa sababu `public_html` yenyewe ilibaki 777.

Makosa mawili yalikuwa yanasema nini

Lile la 403 lilikuwa rahisi. Picha ziko ndani ya `wp-content`, `wp-content` ilikuwa 644, na Apache, programu ya seva inayowapa wageni kurasa na picha, ilikosa haki ya kupita. Picha zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote.

Lile la 500 linastahili maelezo zaidi. Seva mpya iliendesha PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress, kwa suPHP, mfumo ambao sasa umezeeka lakini wakati huo ulikuwa bado umeenea. Kabla ya kuendesha faili ya PHP, suPHP hukagua kama faili hiyo au folda yake inaandikika na mtu mwingine zaidi ya mmiliki. Ikiwa hivyo, inagoma, na kwenye logi ya makosa huandika wazi kwamba folda fulani inaandikika na wengine. Kijana hakuwa amefungua logi ya makosa, ingawa iko kwenye paneli, kurasa mbili tu kutoka pale alipokuwa. Mstari wake wa mwisho ulitaja `public_html` kwa jina.

Nataka nisisitize hili: kosa 500 lilimsaidia. Kwenye seva nyingi za sasa zinazotumia PHP-FPM, njia nyingine ya kuendesha PHP, ukaguzi huo haupo. Ungeweka 777 kila mahali, tovuti ingeendelea kufunguka kama kawaida, na ungeondoka ukiamini umemaliza kazi. Milango yote ingekuwa wazi kwa miezi.

Mwenye folda

Turudi kwenye mwanzo wa yote, pale paneli ilipokataa kubadili `uploads` kuwa 777. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva hizi, wanaoweza kubadili ruhusa za kitu ni wawili tu: mmiliki wa kitu hicho na root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Kukataliwa kule kulikuwa jibu kamili la fumbo zima. Lilimaanisha kwamba `uploads` si yake.

Meneja wa Faili wa paneli ile huonyesha jina, ukubwa, tarehe, aina na ruhusa. Safu ya mmiliki haipo. Hii ni kasoro kubwa kwa maoni yangu, kwa sababu tarakimu tatu za ruhusa hazina maana mpaka ujue ya kwanza inamhusu nani. Programu ya FTP ndiyo iliyoonyesha. Faili zote zilikuwa na jina la akaunti, isipokuwa `uploads` na vyote vilivyomo: pale palisomeka 99. Kwenye CentOS ya wakati ule, aina mojawapo ya Linux, 99 ni mtumiaji aitwaye nobody.

Sasa historia ikaeleweka. Kwenye seva ya zamani, PHP iliendeshwa ndani ya Apache kwa jina moja la nobody kwa wateja wote. Ili tovuti iweze kupokea picha, fundi wa huko alikuwa ameikabidhi `uploads` kwa nobody na kuiacha 755. Kwa mazingira yale lilikuwa jambo la busara kuliko 777. WordPress inapotengeneza folda mpya huiga ruhusa za folda mama, kwa hiyo miaka yote ya picha ilizaliwa hivyo: mmiliki nobody, folda 755, faili 644. Wakati wa kuhama, faili zilinakiliwa pamoja na namba za wamiliki wake. Seva mpya nayo inaendesha PHP kwa jina la akaunti husika. Programu iliyokuwa ikiandika kama nobody sasa inaandika kama akaunti, na folda haimtambui. Ruhusa 755 ilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Mmiliki ndiye aliyekuwa wa seva nyingine.

Kabla ya kugusa chochote

Hamu ya kurekebisha mara moja ni kubwa, hasa tovuti inapokuwa chini. Niliizuia kwa muda mfupi, kwa sababu kila badiliko la ruhusa hufuta ushahidi.

Linux huweka tarehe mbili zinazochanganywa sana. Moja ni ya maudhui kubadilika, na hiyo ndiyo paneli huonyesha. Mmiliki wa faili anaweza kuibadilisha aandike anayotaka. Nyingine ni ya hali ya faili kubadilika, ikiwemo ruhusa na mmiliki, na hiyo mtumiaji wa kawaida hawezi kuichagua. Kila badiliko huipiga muhuri wa saa ile ile. Ukiendesha chmod, amri ya kubadili ruhusa, kwenye faili elfu kumi, umefuta muhuri wa kila moja na kuweka wako. Kijana alishafanya hivyo mara moja saa 20:04. Sikutaka nifanye mara ya pili kabla ya kusoma kilichobaki.

Hata hivyo mlango haukuweza kuachwa wazi. Niligusa vitu vinne tu kupitia paneli. `public_html` niliirudisha 750. Kwenye seva zilizopangwa kama ile, folda hii ni ya akaunti lakini kundi lake ni nobody, ili Apache ipite na wateja wengine wasipite. Folda ya nyumbani iliyo juu yake ni 711, watu hupita bila kuona. Tarakimu ya mwisho, ile sifuri, ndiyo ukuta kati ya jirani na jirani, na ndiyo iliyobomolewa na 777. Kisha nikazipa 755 zile folda tatu, kwa sababu bila hivyo hata orodha ya vilivyomo isingewezekana.

Tovuti ikaamka nusu. Ukurasa wa mwanzo ulifunguka kwa kuwa `index.php` ilikuwa 644, lakini dashibodi ilitoa 500, maana faili zilizo ndani ya `wp-admin` bado zilikuwa 777 na suPHP ikazigomea.

Akaunti haikuwa na ruhusa ya SSH, njia ya kuiandikia seva amri moja kwa moja. Watu wengi huishia hapo, na si lazima. Paneli ina ukurasa wa kupanga kazi za cron, yaani amri zinazojiendesha kwa saa uliyoipanga, na cron huendesha amri yoyote ambayo akaunti inaruhusiwa kuendesha. Niliandika faili ndogo ya amri nje ya `public_html` na kuipanga iende mara moja:

`find /home/akaunti/public_html -printf '%m %u %g %C+ %T+ %p\n' > /home/akaunti/hali.txt`

Neno `akaunti` ni la mfano, weka jina lako. Amri inaandika kwa kila kitu ruhusa, mmiliki, kundi, tarehe zote mbili na njia yake. Niliiweka ndani ya faili badala ya kuiandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha cron kwa sababu alama ya asilimia ina maana nyingine ndani ya cron na ingeivunja amri.

Orodha ile niliisoma kwa utulivu kuliko kitu kingine chochote siku ile. Nilitafuta mambo matatu. Kwanza, kitu chochote chenye mmiliki asiye akaunti wala nobody, kwani jirani akitengeneza faili kwenye folda yako, faili hubaki na jina lake. Hakukuwa nacho. Pili, faili yenye muhuri wa baada ya 20:26, mbali na vile vinne nilivyovigusa mwenyewe. Hakukuwa nayo. Tatu, kwenye folda za ndani, muhuri ulioangukia kati ya 20:11 na 20:26, pale kila kitu kilipokuwa 777 na hakuna kazi iliyokuwa ikiendelea. Hakukuwa nao. Faili za ngazi ya kwanza zilipigwa muhuri mara ya pili na zile 644, kwa hiyo hazikuweza kujitetea kwa tarehe. Hizo nililinganisha na chelezo (nakala ya akiba) ya kabla ya kuhama, mstari kwa mstari, na faili za msingi za WordPress nikazilinganisha na nakala safi ya toleo lile lile. Zilifanana.

Lakini yote hayo yanahusu kuandika. Kusoma hakuachi alama unayoweza kuitegemea. Kwa saa kumi na tisa, yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile angeweza kuifungua `wp-config.php` na kuona jina na nywila ya hifadhidata, na hakuna orodha ambayo ingeniambia. Kwa hiyo tuliichukulia nywila kama kitu kilichokwisha kujulikana.

Ile nakala ya `wp-config.php.zamani` ilikuwa na hatari yake ya pekee. Faili inayoishia na `.php` huendeshwa, na mgeni huona matokeo tu. Inayoishia na `.zamani` Apache inaweza kuiona kama maandishi ya kawaida na kuituma nzima kwa yeyote anayeandika anwani yake. Kwenye logi ya wageni nilikuta maombi kadhaa ya `wp-config.php.bak` na `wp-config.php~`, yale yanayotumwa na mashine zinazozunguka intaneti zikibahatisha majina yaliyozoeleka. Hakuna lililobahatisha jina la Kiswahili. Tuliifuta siku ile ile.

Barua mbili kwa kampuni

Kumbadilisha mmiliki wa faili ni kazi ya root peke yake, kwa hiyo ilibidi kampuni ihusike. Kijana alikuwa ameshawaandikia kwamba picha hazipandi, wakamjibu kwamba folda ina 755, ruhusa ni sahihi, awasiliane na mtengenezaji wa tovuti. Walichosema kilikuwa kweli, na hakikumsaidia.

Ya pili tuliiandika hivi: "Folda ya `wp-content/uploads` na vyote vilivyomo mmiliki wake ni nobody, wakati PHP kwenye seva yenu inaendeshwa kwa jina la akaunti yetu. Tunaomba mmiliki na kundi la folda hiyo tu na vilivyomo vibadilishwe kuwa akaunti yetu. Tafadhali msiguse kundi la `public_html`, lina nobody na linapaswa kubaki hivyo." Tuliambatisha mistari mitatu ya orodha. Kazi ilifanyika ndani ya saa mbili. Sentensi ile ya mwisho haikuwa mapambo: fundi mwenye haraka akitumia amri hiyo kwenye `public_html` nzima, kundi hugeuka, Apache hukosa pa kupitia, na tovuti nzima huwa 403.

Kama kampuni ingekawia, kulikuwa na njia ya pembeni inayofanya kazi bila root. `wp-content` ni ya akaunti, kwa hiyo akaunti inaweza kuibadilisha jina `uploads` iwe `uploads-kale` hata kama haiimiliki. Ukishafanya hivyo, unainakili yote kwa jina la `uploads`. Nakala huwa ya aliyenakili. Folda ya zamani inabaki pale, huwezi kuifuta mwenyewe, lakini tovuti inapokea picha. Sikuitumia kwa sababu ya nafasi kwenye diski, na nafasi hiyo hiyo ikaja kutukumbusha ipo.

Ujumbe ule ule, sababu nyingine

Mmiliki akawa sahihi. Kijana akajaribu picha moja. WordPress ikasema imeshindwa kutengeneza folda ya mwezi. Maneno yale yale, neno kwa neno.

Akaniuliza, "Kaka, sasa si niweke 777?"

Naelewa kabisa. Ujumbe unauliza kama folda inaandikika, na wewe umetoka kuhangaika na ruhusa siku mbili. Lakini WordPress haijui kwa nini imeshindwa. Inajua tu kwamba imeomba folda itengenezwe na ikanyimwa. Nilimwomba afungue ukurasa wa matumizi ya diski. Kiwango cha akaunti kilikuwa GB 5. Matumizi yalikuwa GB 5.6.

Kiwango cha diski huhesabiwa kwa mmiliki. Kwa miaka yote, GB 3.4 za picha zilihesabiwa kwa nobody, na akaunti ilionekana inatumia GB 2.2 tu. Siku picha ziliporudi kwa mwenyewe, mzigo wake ukarudi nao. Root hazuiwi na kiwango hicho, kwa hiyo mabadiliko yalipita bila onyo, na akaunti ikajikuta juu ya mpaka, haiwezi kuandika hata herufi moja. Hakuna tarakimu ya ruhusa ambayo ingelibadilisha hilo.

Ndani ya `wp-content` kulikuwa na faili za zip za GB 1.3, chelezo za programu-jalizi ambayo haikutumika tena. Alizipakua kwenye kompyuta yake, kisha akazifuta kwenye seva, ambako kwa kweli hazikupaswa kukaa ndani ya folda inayofikiwa na umma. Matumizi yakashuka hadi GB 4.3.

Kurudisha ruhusa

Hii ilikuwa sehemu fupi kuliko zote, kupitia cron tena:

`find /home/akaunti/public_html -mindepth 1 -type d -exec chmod 755 {} \;`

`find /home/akaunti/public_html -type f -exec chmod 644 {} \;`

Folda peke yake, faili peke yake. Ile `-mindepth 1` inaiacha `public_html` na 750 yake. Wapo wanaopenda kutumia `chmod -R u=rwX,go=rX`, ambamo X kubwa inagusa folda na kuziacha faili. Hapa isingefaa: X kubwa huirudishia haki ya kutekeleza faili yoyote iliyokuwa nayo tayari, na faili zetu zilizokuwa 777 zilikuwa nayo zote. Zingetoka 755. Kama unatumia FTP, programu kama FileZilla ina chaguo la kushuka ndani kwa faili pekee au kwa folda pekee. Ifanye mara mbili, wala usichague zote kwa pamoja.

Kitu kimoja kiliharibika: skripti ya zamani ya Perl ndani ya `cgi-bin` iliyotuma fomu ya mawasiliano. Hiyo huendeshwa kama programu, inahitaji 755. Faili za PHP hazihitaji.

Kisha tukabadilisha nywila ya hifadhidata kwenye paneli, tukaiandika mpya ndani ya `wp-config.php`, tukaweka funguo mpya za WordPress ili kila aliyekuwa ameingia aingie upya, na wasimamizi wote wakabadilisha nywila zao. `wp-config.php` yenyewe tuliipa 600. Kwa kuwa PHP pale inaendeshwa kwa jina la mmiliki, inaisoma bila shida, na Apache ikiombwa kuitoa kama maandishi haiwezi. Kwenye seva ya zamani, yenye PHP ya nobody, 600 hiyo ingeangusha tovuti.

Kijana aliniuliza aweke namba gani kwenye folda ya mwezi ujao. Nikamwambia asiweke yoyote. Seva ile huanza na 777 kwa folda na 666 kwa faili, kisha huondoa 022, na kinachobaki ni 755 na 644. Mfumo wenyewe ukiachwa na mmiliki sahihi huzaa ruhusa sahihi.

Siku ya tatu niliendesha tena ile amri ya orodha na kuilinganisha na niliyoichukua baada ya matengenezo. Mbali na tarehe za folda ya mwaka, kulikuwa na mistari mipya mitano: folda ya mwezi, picha moja ya mkutano na nakala zake tatu ndogo. Folda 755, picha 644, na mmiliki wa zote tano ni akaunti.